Jikaze kisabuni: tunayoyaamini kuhusu mawazo, na yaliyothibitishwa

Ami yangu ana tuktuk, na tuktuk ina mkopo. Kila jioni akirudi kutoka Kongowea hukaa barazani Kibokoni, Mombasa, hushika tumbo juu kidogo ya kitovu, na kusema maneno yaleyale: "Haya ni mawazo tu, mwanangu. Deni likiisha, na tumbo litapoa." Kisha hufungua kibahasha cha karatasi, hutoa tembe mbili za maumivu ya mgongo alizouziwa rejareja, akazimeza kwa kahawa chungu, tumbo tupu.

Baraza hiyo naijua. Karibu kila dhana potofu kuhusu mawazo na stresi nimeisikia pale, na baadhi nilizisema mimi mwenyewe.

"Alsa huletwa na mawazo"

Hii imeshika mizizi kuliko zote, na tusiwalaumu wazee. Madaktari ndio waliotufundisha. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 mgonjwa wa vidonda vya tumbo aliambiwa apumzike, anywe maziwa, apunguze hasira. Mwaka 1982 huko Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall wakafanikiwa kuotesha bakteria waliokuwa wakiwaona kwenye matumbo ya wagonjwa, wale ambao leo huitwa Helicobacter pylori. Wataalamu wengi hawakuwaamini. Kiumbe gani ataishi ndani ya asidi kali namna ile? Basi mwaka 1984 Marshall akawanywa bakteria hao mwenyewe. Hazikupita siku nyingi akawa anatapika, na kipimo kikaonyesha ukuta wa tumbo lake umevimba. Mwaka 2005 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel.

Kwa hiyo visababishi vikuu ni viwili: bakteria huyo, na dawa za maumivu za jamii ya aspirini, ibuprofeni na diklofenaki, hasa zinapomezwa siku nenda siku rudi. Sasa mrudie ami na kibahasha chake. Dawa aliyokuwa akiimezea mgongo nayo ilikuwa ikimla tumbo, na lawama zote zikabebwa na deni la tuktuk.

Mawazo hayamo kabisa? Yamo, kwa nyuma. Baada ya tetemeko la ardhi lililopiga Kobe, Japani, Januari 1995, madaktari wa eneo hilo waliona vidonda vya tumbo vinavyovuja damu vikiongezeka. Mawazo hukoleza, ila aghalabu si yaliyoanzisha. Anayeumwa na tumbo wiki baada ya wiki apimwe, na akitapika damu au kupata choo cheusi kama lami, asingoje asubuhi.

"Presha ikipanda huwa naisikia"

Huisikii. Watu wengi wenye presha ya kupanda hawana dalili yoyote, ndiyo maana huua kimyakimya. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta karibu robo ya watu wazima nchini Kenya wana presha, na zaidi ya nusu ya waliohojiwa hawakuwahi kupimwa hata mara moja. Kuudhiwa hupandisha presha kwa muda, kweli, lakini umri, ukoo, unene, tumbaku na chumvi ndivyo vinavyoiweka juu miaka na miaka. Achari na mihogo ya ufuoni Mama Ngina tutaizungumza siku nyingine. Mimi mwenyewe sina ubavu wa kuhubiri hapo.

"Mstahimilivu ni mwenye moyo mgumu"

Binamu yangu alipoachishwa kazi nilimwambia neno ambalo kila Mkenya amewahi kuambiwa: jikaze kisabuni. Nililisema kwa nia njema. Baadaye nikaifikiria sabuni yenyewe. Hujikaza, ndiyo, lakini kila inapooshwa yapungua.

Utafiti uliobadilisha fikra kuhusu ustahimilivu ulifanywa kwenye kisiwa kingine, Kauai, katika visiwa vya Hawaii. Emmy Werner na Ruth Smith waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa huko mwaka 1955, tangu tumboni mwa mama zao hadi utu uzima. Wapo waliokulia katika dhiki za kila aina kwa pamoja: ufukara, nyumba zenye ugomvi, mzazi mlevi au mgonjwa wa akili. Wengi wa watoto hao walipata matatizo, kama ilivyotarajiwa. Ila takriban thuluthi moja walikua wakawa watu wazima wenye kazi, wenye kupenda na kupendwa, wanaojiamini.

Watafiti walipochimba kujua kilichowaokoa hao, hawakukuta mioyo ya chuma. Walikuta watu. Kila mmoja alikuwa na angalau mtu mzima mmoja aliyemshika asimwachie: nyanya, shangazi, mwalimu, jirani. Tena walikuwa watoto wanaojua kumtafuta mtu huyo. Mwaka 2001 mwanasaikolojia wa Marekani Ann Masten, baada ya kupitia tafiti nyingi za aina hiyo, alihitimisha kwamba ustahimilivu si kipaji cha wachache. Ni jambo la kawaida, linalotokana na mambo ya kawaida yakiwa yanafanya kazi: malezi, urafiki, shule, akili inayojifunza kutatua tatizo.

Ukitaka kumfanya mtu awe mstahimilivu, basi, kumwambia ajikaze si pa kuanzia. Uliza kwanza ana nani. Binamu yangu alikuwa na mimi, na mimi nikampa sabuni.

"Stresi ni ya mtu mwenyewe, ajirekebishe"

Hii hupendwa sana na mabosi. Mfanyakazi haonekani nyumbani siku sita kwa wiki, halafu anaitwa kwenye semina ya nusu siku afundishwe kuvuta pumzi.

Jibu zuri kuliko yote naliona hapa hapa Kenya, kwa nyani wa Maasai Mara. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 Robert Sapolsky, mwanasayansi wa Marekani, alikuwa akienda huko kuwapima damu na kuangalia kortisoli, homoni inayopanda mwili unapokuwa kwenye msukosuko. Nyani ana saa chache tu za kutafuta chakula, na muda uliobaki huutumia kuwasumbua wenzake. Kwa kawaida wa vyeo vya chini, wanaopigwa na kunyang'anywa kila siku, ndio waliokuwa na dalili mbaya zaidi za stresi.

Katikati ya miaka ya 1980, madume wakali wa kundi moja walikuwa na tabia ya kwenda kupigania chakula kwenye jaa la hoteli ya watalii. Nyama ya pale ilikuwa na kifua kikuu. Wakafa. Waliosalia ni majike na madume wapole, wale waliopenda kukaa wakichambuana manyoya kuliko kupigana. Kundi likatulia. Takriban miaka kumi baadaye, madume karibu wote walikuwa wageni waliotoka makundi mengine, na bado upole ule uliendelea. Wageni walijifunza ada za nyumba. Na nyani wa chini katika kundi hilo hawakuwa na zile dalili za stresi zilizoonekana kwa wenzao wa makundi mengine. Sapolsky na Lisa Share walichapisha habari hiyo mwaka 2004.

Hakuna nyani aliyefundishwa kuvuta pumzi.

"Asiyelia matangani ataanguka baadaye"

Khalati yangu alipofiwa na mume hakulia mbele ya watu. Alipika, alipokea wageni, alikaa eda yake kwa utulivu, na wanawake jikoni walinong'ona: huyu ameziba, iko siku atapasuka. Siku hiyo haijafika mpaka leo.

George Bonanno wa Chuo Kikuu cha Columbia na wenzake waliwachunguza watu 205 waliofiwa na waume au wake zao, na walikuwa wamewahoji hata kabla ya msiba. Miezi 18 baadaye ilionekana kwamba karibu nusu yao hawakuzama katika sonona, huzuni nzito iliyogeuka ugonjwa, wakati wowote, na wala hawakuwa wamewachukia marehemu. Walihuzunika, wakaendelea kuishi. Kulia si kosa na kutolia si ugonjwa.

Dada ya dhana hii ni ile ya kumlazimisha aliyeponea ajali au mkasa "ateme yote" siku hiyohiyo. Majaribio yalionyesha kwamba kikao kimoja cha namna hiyo hakizuii kiwewe, na kwa wengine huenda kikazidisha. Mwongozo uliotolewa na Shirika la Afya Duniani na washirika wake mwaka 2011 unashauri jambo jepesi zaidi: mtazame anahitaji nini, msikilize akitaka kusema, muunganishe na jamaa na huduma. Maji, leso, na simu ya kumpigia ndugu yake.

"Mwenye imani hapati mawazo"

Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni Mwislamu aliyefariki mwaka 934, aliandika kwamba nafsi huugua kama mwili unavyougua, na kwamba viwili hivyo huambukizana. Tena alitofautisha huzuni yenye sababu inayojulikana, kama kufiwa, na ile isiyojulikana ilikotoka. Alikuwa mtu wa imani. Mwenye kumwambia mgonjwa kuwa ana upungufu wa imani yuko nyuma kwa zaidi ya miaka elfu moja.

"Bila daktari bingwa hakuna msaada"

Washona wa Zimbabwe wana neno kufungisisa, kufikiri kupita kiasi. Ni mawazo yetu haya haya. Huko Harare, kuanzia mwaka 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda aliwafundisha nyanya wa mtaa wa Mbare kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, vikao visivyozidi sita, wakichagua tatizo moja na kutafuta hatua ya kulipunguza. Hatua ya kwanza wanaiita kuvhura pfungwa, kufungua fikra. Hata bila mkalimani tunaielewa. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilihusu watu 573. Baada ya miezi sita, dalili za sonona zilibaki kwa asilimia 14 ya waliokaa na nyanya, na asilimia 50 ya waliopewa huduma ya kawaida. Nairobi nako, utafiti wa mwaka 2017 uliohusu wanawake 421 ulionyesha kwamba wahudumu wa afya wa jamii, wakipewa mafunzo mafupi, hupunguza dhiki ya akili.

Benchi lina mipaka yake. Asiyelala wala kula kwa majuma mawili, anayesikia sauti, au anayezungumza habari za kujitoa uhai apelekwe hospitali, na huyo wa mwisho siku hiyohiyo, asiachwe peke yake.

Ami alipimwa choo, wakakuta bakteria. Alipewa dawa mbili za kuwaua na moja ya kupunguza asidi, siku 14, na zile tembe za mgongo akaambiwa aziache. Tumbo limepoa. Jana nilimkuta barazani na kikombe chake, akimweleza jirani jinsi alivyopona. "Nilipunguza mawazo," alisema. Deni la tuktuk bado lina miezi minane.