Elimu kwa Umma: Kabla ya Kumshuku Mwenye Mashine, Kata Punje

Malalamiko yanayoongezeka kuhusu mashine za kukoboa, kutoka Kilombero Arusha hadi Mbuyuni Moshi, yanafanana: nimepeleka debe moja kama jirani, yeye kapata sembe nyingi, mimi kidogo. Wizi upo, hatukatai. Lakini debe hupima ujazo, si uzito, na debe la mahindi laini huwa jepesi kuliko la mahindi magumu. Hili tumelisema mara nyingi.

Kata punje kwa wembe, kwa upana wake. Sehemu inayong'aa kama pembe ni ngumu. Nyeupe kama chokaa ni laini. Kwenye kinu cha kukoboa, punje ngumu huvuliwa ganda ikabaki nzima. Laini hupasuka, na chenga zake hupita kwenye chekeche pamoja na pumba. Hapo ndipo sembe yako ilipokwenda.

Kwenye kusaga mambo hugeuka. Laini huwa unga upesi. Ngumu hula umeme, hutoa unga wa chenga na kuviringisha kona za nyundo, yaani vyuma vinavyoponda punje ndani ya mashine. Kona zikiviringika, nyundo zigeuzwe zote kwa pamoja. Ukibadilisha moja tu, uzito haulingani, mashine inatetemeka na beringi zinakufa.

Maji nayo yana hesabu yake. Mahindi ya kilo 100 yenye unyevu wa asilimia 18, yakianikwa hadi 13.5, hubaki takriban kilo 94.8, na hakuna aliyeiba. Kulowesha kidogo kabla ya kukoboa hulegeza ganda: kutoka asilimia 13 hadi 15, kilo 100 zinahitaji lita 2.4 hivi, si ndoo nzima. Maji yakizidi, chekeche huziba na unga huvunda guniani. Unga wa moto usifungwe, uache upoe.

Utaratibu ni huu. Kwanza angalia kama mizani ina stika hai ya Wakala wa Vipimo; kutumia mizani isiyohakikiwa katika biashara ni kosa chini ya Sheria ya Vipimo, Sura 340. Pima mahindi yakiingia. Pima sembe. Pima pumba. Jumlisha sembe na pumba, kisha linganisha na uzito wa mwanzo: upungufu mdogo ni vumbi na mvuke. Upungufu ukiwa mkubwa, andika tarehe na vipimo vyote vitatu vya uzito, kisha upeleke malalamiko ofisi ya vipimo. Pumba uzichukue au uziache, ila zipimwe kwanza.