Bima ya nyumba: dhana potofu zinazowagharimu wenye nyumba na wapangaji

Wengi wanaotaka kupunguza ada ya bima ya nyumba huanzia mahali pabaya. Hushusha thamani ya nyumba kwenye fomu, hufuta kipengele wasichokielewa, kisha hufurahia tarakimu ndogo iliyobaki. Swali lenye faida ni jingine: hasara ipi naweza kuibeba mwenyewe bila kuyumba, na ipi ikinipata sitainuka tena? Ya kwanza haina haja ya kukaa kwenye bima. Ya pili ndiyo sababu ya bima kuwapo. Dhana nyingi potofu huzigeuza hizo mbili juu chini, hata mtu akajikinga na kitasa kilichovunjika huku jengo zima likiwa na bima nusu.

“Nyumba hukatiwa bima kwa bei ambayo ingeuzwa”

Bei ya soko imebeba mambo ambayo moto hauwezi kuyateketeza: kiwanja, mtaa, umbali wa kufika mjini. Bima ya jengo haihusiki na hayo. Inachoangalia ni gharama ya kulisimamisha jengo hilo upya, na humo mna mambo ambayo mnunuzi wa nyumba hayafikirii kabisa: kubomoa kilichobaki, kusomba kifusi, malipo ya msanifu majengo na mhandisi, vibali, kisha vifaa na mafundi kwa bei za siku hiyo.

Tofauti inaweza kwenda upande wowote. Palipo na viwanja ghali, nyumba huweza kuuzwa kwa bei kubwa kuliko gharama ya kuijenga, na aliyekata bima kwa bei ya soko analipia udongo kila mwaka. Hapo kuna punguzo halali, tena ni mojawapo ya machache yasiyomnyima mtu kinga yoyote. Lakini nyumba ya zamani yenye mawe ya kuchonga, au iliyo mahali ambapo soko limelala, huenda ikagharimu zaidi kuijenga kuliko kuinunua. Kuna pia kanuni za ujenzi. Nyumba ya miaka 40 iliyoungua huenda isiruhusiwe kurudi kama ilivyokuwa; nyaya, ngazi na msingi vitatakiwa kufuata kanuni za leo, na mikataba mingi hailipi nyongeza hiyo kama hukuiomba mapema. Janga likikumba eneo zima, mafundi hugombaniwa na bei hupanda. Ndiyo maana kiasi kilichoandikwa zamani na kusahaulika ni hatari, hata kama siku ile kilikuwa sahihi.

“Nikitaja thamani ndogo, nitalipwa hadi kiasi hicho, basi”

Hii ndiyo dhana ghali kuliko zote, kwa sababu inaonekana kama hesabu safi. Mtu anasema: nyumba yangu haiwezi kuungua yote, kwa hiyo nikiikatia bima ya asilimia 60 inanitosha. Asichojua ni kwamba mikataba mingi ina kifungu cha fidia kwa uwiano. Chukua nyumba ambayo kuijenga upya kungegharimu 100, na mwenyewe ameikatia bima ya 60. Jiko linaungua, hasara ni 20. Yeye anatarajia 20, maana 20 ni ndogo kuliko 60. Kampuni inamlipa 12, kwa hoja kwamba alilipia ada ya sehemu sita za kumi, basi naye atabeba sehemu nne za kumi za kila hasara. Kisha kwenye hizo 12 huenda ikakata pia sehemu anayopaswa kujilipia mwenyewe.

Tazama ubaya wake: kifungu hiki hakisubiri nyumba iteketee yote. Kinauma kwenye hasara za sehemu, ambazo ndizo nyingi. Nchini Marekani mikataba ya kawaida ya nyumba huweka mpaka wa asilimia 80 ya gharama ya kujenga upya. Aliyekata bima chini ya hapo ndiye anayepunguziwa fidia. Kuna kwingine ambako hakuna nafuu hiyo. Rahisi huvunja upishi, walisema wahenga, na kwa hili walikuwa sahihi kabisa.

“Hii ni bima kamili, kwa hiyo inalipa kila kitu”

Neno “kamili” kwenye jalada la mkataba ni la mwuzaji. Kuna mikataba inayotaja majanga inayoyalipa: moto, radi, mlipuko, dhoruba, wizi na kadhalika. Lisilotajwa halimo, na ukidai ni wewe wa kuonyesha kwamba hasara yako ilitokana na janga mojawapo lililotajwa. Kuna mikataba mingine inayolipa hasara yoyote ya ghafla isipokuwa iliyotengwa, na hapo ni kampuni inayopaswa kuonyesha kwamba hasara yako imo kwenye orodha ya zilizotengwa. Aina ya pili huwa na ada kubwa zaidi, lakini siku ya mabishano inaleta tofauti kubwa.

Hata hivyo, hakuna aina inayolipa uchakavu. Kutu, kuoza, mchwa, panya, paa lililochoka na kazi mbovu ya fundi huachwa nje karibu kila mahali, pamoja na vita na madhara ya nyuklia. Bima ni ya lisilotarajiwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na utaujenga kwa mfuko wako. Maji ndiyo yanayoonyesha mpaka huu vizuri: bomba likipasuka usiku na kulowesha sakafu, kwa kawaida hulipwa; bomba lile lile likivuja kidogo kidogo kwa miezi hadi ukuta ukaota ukungu, mara nyingi hulipwi.

Mafuriko ni habari nyingine kabisa. Nchini Marekani mkataba wa kawaida wa nyumba hauyagusi. Mwaka 1968 Bunge la nchi hiyo lilianzisha mpango wa taifa wa bima ya mafuriko, na mtu akiinunua, kwa kawaida huanza kufanya kazi baada ya siku 30. Huwezi kuikimbilia wingu likishatanda. Baada ya kimbunga Katrina mwaka 2005, wenye nyumba wengi wa pwani ya Ghuba ya Meksiko walifika mahakamani kubishania jambo moja: nyumba ilibomolewa na upepo, ambao bima yao iliulipa, au na maji, ambayo haikuyalipa? Ufaransa ilichagua njia tofauti. Kwa sheria ya mwaka 1982, kinga ya majanga ya asili imeunganishwa na bima za mali. Nyumba zinaweza kufanana na maji yakawa yale yale, lakini majibu yakawa mawili.

Ushauri wangu ni kusoma mkataba kutoka nyuma. Anza na mambo yasiyofidiwa, kisha fasili za maneno, mwisho ndiyo ahadi. Kwenye fasili ndiko utakakokuta kwamba “wizi” ni pale tu mlango au dirisha lilipovunjwa, au kwamba nyumba ikikaa bila mtu siku 30 au 60 mfululizo kinga ya baadhi ya majanga husimama. Anayesafiri sana angependa kujua hilo kabla ya kufunga mizigo.

“Mwenye nyumba ana bima, mimi mpangaji nimekingwa”

Bima yake ni ya jengo lake. Kitanda chako, nguo zako na kompyuta yako havimo. Vivyo hivyo, bima ambayo benki inamlazimisha mkopaji kuikata hulenga kwanza kulinda dhamana ya mkopo, na huenda ikawa ya jengo pekee. Wanaoishi kwenye maghorofa waulize bima ya pamoja inaishia wapi: kwenye kuta za nje, au hadi makabati ya jikoni.

Kwa vitu vya ndani, uliza utalipwa kwa bei ya kipya au kwa thamani ya sasa baada ya kutoa uchakavu. Kwa mkataba wa pili, televisheni ya miaka 6 ina thamani ndogo mno. Vito, fedha taslimu na vitu vya sanaa huwa na ukomo wake mdogo ndani ya kiasi kikubwa, na cha thamani hasa hutakiwa kuorodheshwa kwa jina lake.

“Nimelipa miaka yote hii, lazima nirudishe kidogo”

Hivyo ndivyo madai madogo yanavyozaliwa, na ndiyo yanayopandisha ada. Kampuni hutazama historia ya madai ya mtu, na mara nyingi huiona hata akihamia kampuni nyingine. Marekani kuna kumbukumbu ya pamoja inayohifadhi madai ya nyumba kwa miaka 7. Ukidai kioo cha dirisha, unaweza kupoteza punguzo la kutodai ambalo ni kubwa kuliko kioo chenyewe.

Kuna njia ya kugeuza jambo hili kuwa akiba. Kila mkataba una kiasi cha mwanzo cha hasara ambacho mwenye bima hujilipia, mawakala wengi hukiita eksesi. Ukikubali kukipandisha, ada hushuka. Je, inafaa? Gawanya nyongeza ya eksesi kwa akiba utakayopata kwenye ada kwa mwaka. Eksesi ikipanda kwa 40 na ada ikashuka kwa 10 kwa mwaka, miaka 4 bila kudai inatosha kurudisha nyongeza hiyo. Ada ikishuka kwa 2 tu, inakuwa miaka 20, na hapo sioni sababu ya kuhangaika. Sharti ni moja: kiasi hicho kiwe kipo, kimewekwa akiba, si cha kukopa siku ya janga.

Jihadhari na eksesi za asilimia. Maeneo yenye vimbunga au matetemeko huwa na eksesi ya asilimia 2, 5 au hata zaidi, na asilimia hiyo mara nyingi ni ya thamani yote iliyokatiwa bima, si ya hasara. Nyumba ya 100 yenye eksesi ya asilimia 5 ikipata hasara ya 6, utalipwa 1.

“Mteja wa miaka mingi hupewa bei nzuri”

Mara nyingi ilikuwa kinyume. Uingereza, kampuni zilikuwa zikipandisha ada kidogo kidogo kila mkataba ulipohuishwa, huku wateja wapya wakivutwa kwa bei ya chini, mpaka mamlaka ya usimamizi ikapiga marufuku kuanzia Januari 2022: mteja wa zamani wa bima ya nyumba au gari asitozwe zaidi ya mpya mwenye hali ile ile. Pasipo na kanuni ya namna hiyo, uaminifu wako unaweza kuwa unatozwa. Omba bei kwa kampuni nyingine kila mwaka, ukilinganisha kinga zilizo sawa. Bei mbili zenye eksesi tofauti haziwezi kulinganishwa.

Mapunguzo mengine yapo: kitambua moshi, kufuli imara, king’ora, kuunganisha bima ya nyumba na ya gari, kulipa kwa mwaka badala ya mafungu yenye riba. Uliza kabla ya kununua kifaa, kwa sababu kampuni moja hukithamini na nyingine haikijali. Na kama umepewa punguzo kwa sababu ya king’ora, mkataba huenda ukakutaka ukiwashe kila unapotoka. Kuunganisha bima nako si nafuu kila mara, jumlisha mwenyewe.

“Yale ambayo hawakuuliza siyasemi”

Unapokea wageni wa kulipia, umefungua karakana uani, umepangisha chumba, umeongeza ghorofa. Kila jambo kati ya haya linabadilisha hatari ambayo kampuni ilikubali kuibeba, na kulificha kunaweza kuifuta fidia, hata ya moto usiohusiana na karakana. Wajibu wa kusema hutofautiana: kuna nchi unapaswa kujibu kwa ukweli ulichoulizwa, kuna nchi unapaswa kutaja mwenyewe. Kumwambia wakala kwa mdomo hakutoshi. Wakala huhama, barua hubaki.

Wengine hufikiri wakikata bima mbili watalipwa mara mbili. Hapana. Fidia hukurudisha ulipokuwa. Kampuni hizo mbili zitagawana hasara moja, nawe umelipa ada mbili.

“Kipengele hiki hakinihusu, kifutwe”

Kinachofutwa kwanza mara nyingi ni kinga ya dhima, yaani ya madhara unayowajibika kuwalipa watu wengine, kwa kuwa mwenye nyumba anawaza mali yake tu. Lakini mgeni akivunjika nyonga kwenye ngazi zako, au mti wako ukiangukia nyumba ya jirani na ikaonekana ulizembea, deni hilo halina ukomo wa thamani ya nyumba. Kwa kawaida kinga hii huongeza kidogo tu kwenye ada. Hali kadhalika gharama ya kuishi kwingine wakati nyumba inajengwa, ambayo huweza kuendelea kwa zaidi ya mwaka. Ukitaka kufuta, futa hasara ndogo.

“Mkadiria hasara akishasema, imekwisha”

Huyo mara nyingi hulipwa na kampuni, hata awe mwadilifu. Unaweza kuomba sababu za kukataliwa kwa maandishi, pamoja na kifungu kilichotumika, ukaleta makadirio ya fundi wako au kumwajiri mkadiria wako, kisha ukapeleka malalamiko kwa msimamizi wa bima au msuluhishi wa nchi yako. Unachohitaji mkononi ni picha za kila chumba zilizopigwa kabla ya hasara, stakabadhi, na nakala zilizohifadhiwa nje ya nyumba hiyo. Angalia pia muda wa kutoa taarifa ulioandikwa kwenye mkataba, kwa kuwa wakati mwingine huhesabiwa kwa siku chache tu, na usitupe kilichoharibika kabla hakijakaguliwa.