Akupancha kwa maumivu sugu: usiihukumu kwa kikao kimoja

"Nilichomwa mara moja, sikuona tofauti, nikaacha." Maneno haya mimi, mtaalamu wa akupancha, yaani tiba ya kuchoma sindano nyembamba mwilini, huyasikia kwa watu ambao mgongo umewasumbua miaka sita, goti miaka kumi, kichwa tangu ujana wao. Wiki hii nimeyasikia tena, na nimeona niyajibu kwa maandishi, maana hakuna dhana inayowanyima watu nafuu kuliko hii.

Dhana: Kikao kimoja kinatosha kujua kama akupancha inakufaa

Hakitoshi. Wala hakitoshi kwa dawa nyingi za maumivu sugu. Amitriptilini yenyewe huchukua wiki kadhaa kuonyesha uwezo wake, na hakuna anayeitupa siku ya kwanza.

Maumivu huitwa sugu yakidumu zaidi ya miezi 3. Kufikia hapo, mara nyingi jeraha lililoyaanzisha limeshapona, au ni dogo mno ukilinganisha na mateso ya mgonjwa. Kilichobadilika ni mfumo wa fahamu. Neva za uti wa mgongo zimekuwa nyepesi kushtuka, na ubongo umezoea kuuchukulia hata mguso wa kawaida kama hatari. Jambo lililojengeka kwa miaka haliondoki kwa nusu saa ya kulala kitandani na sindano kumi mwilini, na anayekuahidi hivyo anakudanganya.

Sindano ikiingia kwenye msuli huziamsha neva za pale. Taarifa hupanda hadi uti wa mgongo na ubongo, na mwili hutoa kemikali zake wenyewe za kutuliza maumivu, endofini zikiwemo. Katika miaka ya 1970 watafiti waliona kwamba naloksoni, dawa inayozuia kazi ya afyuni mwilini, inaweza kuifuta nafuu iliyoletwa na sindano. Ndipo wakaanza kuamini kwamba kweli kuna kemikali inayohusika. Mwaka 2010 majaribio ya panya yalionyesha kuwa adenosini, kemikali nyingine ya mwili inayotuliza maumivu, nayo huongezeka pale pale sindano ilipochomwa. Kemikali hizi hazidumu. Baada ya kikao cha kwanza mtu anaweza kupata saa chache za utulivu, au siku moja, au asipate chochote. Ndiyo maana tunarudia.

Tazama jinsi wengine walivyopanga. Utafiti mkubwa wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2007, wenye wagonjwa 1,162 wa maumivu sugu ya kiuno, uliwapa vikao 10 vya nusu saa, kwa kawaida viwili kwa wiki, na vitano vya ziada kwa waliopata nafuu ya nusunusu. Mwongozo wa Uingereza kuhusu maumivu ya kichwa unazungumzia hadi vikao 10 katika wiki 5 hadi 8. Marekani, bima ya serikali kwa wazee ilipoanza kulipia akupancha ya kiuno Januari 2020, iliruhusu vikao 12 ndani ya siku 90, na 8 zaidi kwa anayeonyesha maendeleo tu. Hakuna hata mmoja aliyetaja kikao kimoja.

Sharti hilo la mwisho nalipenda, kwa sababu kosa la upande wa pili nalo lipo. Wapo wataalamu wanaomfunga mgonjwa miezi na miezi, kila akilalamika wanamwambia "mwili bado unajisafisha". Hilo halina msingi. Mimi humwambia mgonjwa tangu mwanzo: mara moja au mbili kwa wiki, na kikao cha sita tunakaa tuamue. Kama hakuna kilichobadilika, nabadilisha pointi, yaani mahali pa kuchoma, na namna ya kuchoma kwa vikao vichache, na kisha tunaacha. Kuna watu akupancha haiwasaidii. Ni heri waambiwe mapema watafute njia nyingine.

Tutajuaje kama kuna mabadiliko? Hapa ndipo nasisitiza daftari, na wagonjwa wangu wanajua silegezi kamba. Usiniandikie tu kwamba maumivu ni saba kati ya kumi. Andika ulilala saa ngapi bila kuamka, ulitembea umbali gani kabla ya kutafuta pa kukaa, ulimeza vidonge vingapi. Kwa wengi ninaowatibu, usingizi ndio hutangulia kurudi, halafu uwezo wa kutembea, na maumivu yenyewe hushuka nyuma ya hayo. Asiye na daftari hukosa kuyaona yote matatu. Anakuja kikao cha tano akisema "niko vilevile", kumbe wiki tatu zilizopita alikuwa haamki kitandani bila kushikwa mkono. Binadamu husahau haraka alikotoka.

Tena usibadilishe mambo matatu kwa mpigo. Ukianza akupancha, dawa mpya ya mitishamba na godoro jipya wiki moja, hutajua kamwe kilichokusaidia.

Na tuelewane kuhusu neno nafuu. Katika utafiti ule wa Ujerumani, mgonjwa alihesabiwa kuwa amefanikiwa kama maumivu yalipungua kwa theluthi, au kama uwezo wa mgongo kufanya kazi uliongezeka kwa asilimia 12. Theluthi! Mtu anayesubiri sifuri ataiona theluthi kama kushindwa, wakati theluthi hiyo ndiyo inayomwezesha kukaa sherehe nzima, kumbeba mjukuu, kulala hadi asubuhi. Itumie nafuu hiyo kutembea na kufanya mazoezi, kwa sababu misuli iliyolegea kwa kuogopa maumivu haiimariki kwa sindano. Nikikwambia utembee baada ya kikao, tembea.

Dhana: Ni imani tu, hata sindano ya uongo inafanya kazi sawasawa

Swali hili lina uzito, na wanaolidharau hawasaidii taaluma yetu. Katika utafiti ule ule, miezi 6 baadaye, waliopata akupancha halisi walifanikiwa kwa asilimia 47.6, waliochomwa juujuu mahali pasipo pointi, asilimia 44.2, waliopata matibabu ya kawaida ya dawa na mazoezi, asilimia 27.4. Kwa hiyo ndiyo, tofauti kati ya sindano halisi na ile ya kuigiza ilikuwa ndogo mno. Lakini zote mbili ziliyapita kwa mbali matibabu waliyokuwa wakipewa watu kila siku.

Uchambuzi wa mwaka 2018 ulikusanya majaribio 39 na wagonjwa 20,827 wenye maumivu ya mgongo, shingo, bega, goti na kichwa. Akupancha iliishinda sindano ya kuigiza, kwa tofauti ndogo ila ya kweli, na ikawashinda kwa tofauti kubwa zaidi wasiopata akupancha kabisa. Baada ya mwaka mmoja nafuu ilikuwa imepungua kwa takriban asilimia 15 tu. Tena sindano ya kuigiza si kidonge cha unga: mara nyingi nayo inatoboa ngozi na kuamsha neva.

Ndiyo maana miongozo haijakubaliana. Mwaka 2016 Uingereza ilikataa akupancha kwa maumivu ya kiuno. Mwaka 2017 chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kikaipendekeza kwa kiuno hicho hicho. Na mwaka 2021 Uingereza ikaikubali kwa maumivu sugu yasiyoelezeka kwa ugonjwa mwingine. Mgonjwa wangu anaambiwa haya yote kabla hajavua viatu.

Dhana: Wachina hupasua watu kwa sindano tu, bila ganzi

Hadithi hii ilienea baada ya mwandishi wa Marekani, James Reston, kufanyiwa upasuaji wa kidole tumbo mjini Beijing mwaka 1971. Yeye mwenyewe aliandika kwamba alichomwa ganzi ya kawaida ya hospitali. Sindano za akupancha zilikuja baada ya upasuaji, kwa ajili ya tumbo lililokuwa linamsumbua. Watu wakaisoma nusu, wakaisimulia wanavyotaka.

Dhana: Ikiuma sana ndiyo inatibu sana

Hapana. Sindano zetu ni nyembamba, nyingi zina kipenyo cha takriban robo milimita, hazina tundu wala dawa ndani. Unaweza kuhisi uzito, kuvutwa au ganziganzi, na hiyo ni kawaida. Maumivu makali ya kuchoma au kama umeme ni ishara ya kusema, nami nisogeze sindano. Usijikaze kishujaa kitandani kwangu.

Dhana: Inaambukiza magonjwa, au, haina madhara yoyote

Zote mbili si kweli. Sindano safi ya kutumika mara moja haikupi virusi vya mtu mwingine. Dai pakiti ifunguliwe mbele yako, na asiyetaka kuifungua mbele yako muage. Kuhusu madhara, utafiti wa Ujerumani wa mwaka 2009 ulifuatilia wagonjwa 229,230: asilimia 8.6 walipata angalau dhara moja, mengi yakiwa kutoka damu kidogo au kuvilia damu. Wawili mapafu yao yalitobolewa. Wawili ni wachache, ila inatosha nisimruhusu asiyesoma anatomia aguse kifua au sehemu ya juu ya bega la mtu. Kula kabla ya kuja, maana wenye njaa ndio huzimia. Sema kama unameza dawa za kuzuia damu kuganda. Kama una kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, sema kabla sijaunganisha umeme kwenye sindano, kwa sababu sitauunganisha.

Dhana: Ukianza akupancha, acha vidonge

Hii nayo hunikosesha amani. Dawa za maumivu kama zile za jamii ya afyuni, pregabalini na amitriptilini zikikatwa ghafla humtesa mtu kuliko maumivu aliyokuwa nayo. Hupunguzwa taratibu, na daktari aliyeziandika ndiye anayesimamia. Mimi humpelekea maandishi kuhusu maendeleo yako. Kazi ya kukata dozi ni yake.

Dhana: Matibabu ya maumivu yoyote ya mgongo yanaweza kuanza na sindano

Maumivu yanayoambatana na homa, kukonda bila sababu au historia ya saratani yanahitaji vipimo kwanza. Ukipoteza hisia sehemu za siri, ukashindwa kudhibiti mkojo au choo, au miguu ikalegea, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama una miadi na mimi saa moja baadaye.