Masomo ya Nje Yanayoongozwa na Mhadhiri: Maana Yake na Andiko Lake

Katika vyuo vikuu vya Marekani, masomo ya nje yanayoongozwa na mhadhiri ni kozi ya chuo inayofundishwa katika nchi nyingine na mhadhiri wa chuo hicho hicho, ambaye husafiri pamoja na wanafunzi wake, huwasomesha huko na kuwapa alama zinazoingia moja kwa moja katika rekodi zao. Hapo ndipo yanapotofautiana na ubadilishanaji wa wanafunzi, ambao humpeleka mwanafunzi katika chuo mwenyeji akasajiliwe na kufundishwa na wahadhiri wa huko. Kozi hiyo ya mhadhiri mara nyingi huchukua wiki chache tu za likizo.

Mhadhiri kuvuka bahari na wanafunzi si jambo jipya. Mnamo Julai 1923 Raymond Kirkbride, mwalimu wa Kifaransa katika Chuo Kikuu cha Delaware, alisafiri kwa meli na wanafunzi 8 hadi Ufaransa, wakaanza kwa kunoa lugha mjini Nancy kisha wakaendelea na masomo Paris. Mpango wake ulikuwa wa mwaka mzima. Rais wa chuo, Walter Hullihen, aliuunga mkono, lakini fedha ilibidi zitafutwe kwa wafadhili binafsi, jambo ambalo mhadhiri wa leo atalielewa bila kufafanuliwa.

Siku hizi kila kitu huanzia kwenye andiko, yaani pendekezo la kozi na safari yake, ambalo aghalabu huwasilishwa mwaka mmoja au zaidi kabla ya safari na kupitia kwa mkuu wa idara, kitivo na ofisi ya masomo ya kimataifa. Swali zito kuliko yote humo ni kwa nini kozi hiyo isifundishwe nyumbani. Anayetaka kufundisha ngeli za Kiswahili tu anaweza kuzifundisha Wisconsin. Anayetaka wanafunzi wajue ni nani wa kuamkiwa kwa shikamoo, na wazoee kuisikia marahaba ikirudi, ana sababu ya kuwapeleka Unguja, ambako Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) kina walimu waliozoea kuwasomesha wageni. Saa nazo huhesabiwa. Kipimo kinachotumika sana Marekani ni saa 45 hivi za kazi kwa kila krediti, yaani kizio cha kupimia uzito wa kozi, kwa hiyo kozi ya krediti 3 hudai takriban saa 135 za darasa, ziara na kazi binafsi. Matembezi ya Mji Mkongwe yataingia katika hesabu hiyo iwapo mwanafunzi amesoma kabla ya kwenda na ameandika baada ya kurudi. Vinginevyo ni utalii, nao hautolewi krediti.

Bajeti ndiyo huwatoa jasho wengi, kwa sababu katika vyuo vingi nauli na malazi ya mhadhiri hulipwa kutokana na ada za wanafunzi. Tuseme gharama zisizobadilika, yaani za kiongozi pamoja na gari la kukodi, ni dola 9,000. Wakijiandikisha wanafunzi 15, kila mmoja atabeba dola 600. Wakibaki 9, fungu hilo litapanda hadi dola 1,000, na huenda wengine wakajitoa kwa sababu hiyo hiyo. Ndiyo maana andiko hutaja idadi ya chini ya wanafunzi, ambayo isipofikiwa safari hufutwa, na kwa maoni yangu ni heri kuikadiria kwa woga kuliko kwa matumaini.

Andiko hueleza pia usalama: ngazi ya tahadhari ambayo Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani imeipa nchi husika, kati ya 1 na 4, hospitali iliyo karibu, na bima. Zanzibar, kwa mfano, humtaka mgeni anayeingia kulipia bima yake ya lazima, iliyoanza Oktoba 2024 kwa dola 44, hata kama chuo kimeshamkatia nyingine.

Safari ikianza, mhadhiri huyo huwa mwalimu asubuhi, mhasibu mchana na mlezi usiku wa manane mwanafunzi anaposhikwa na homa, kwa hiyo ni busara kuomba msaidizi tangu kwenye andiko. Akirudi atatakiwa kurejesha masurufu, yaani kuonyesha kwa risiti jinsi alivyotumia fedha za safari alizopewa, na kwa kuwa muuza ndizi wa soko la Darajani mjini Unguja hatoi risiti, ni vizuri awe na daftari la kuandika kila alichonunua siku hiyo hiyo.