Je, wajua kwa nini baketi ya trekta huongezewa meno, tena ya kufunga kwa bolti?

Panapochimbwa mtaro au kutengenezwa barabara, kitazame vizuri kile kijiko chenye baketi mbili. Ile nyembamba ya nyuma, inayochimba kwa kuvuta, ina meno. Ile pana ya mbele, inayozoa kifusi na kupakia lori, mara nyingi mdomo wake ni bamba la chuma lililonyooka. Mashine ni moja, dereva ni mmoja, lakini midomo haifanani, kwa sababu kuchimba ni kazi moja na kuzoa ni nyingine.

Mwenye trekta dogo la shamba hana bahati hiyo. Trekta lake lina baketi moja tu, ile ya mbele, inayobebwa na mikono miwili ya loda, yaani kifaa cha mbele cha kuzolea na kuinulia mzigo. Matrekta ya namna hii, ya nguvu ya farasi 20 hadi 50, yamezoeleka sana katika mashamba madogo ya Marekani na Kanada. Hutumika kuzoa samadi, kubeba kokoto, kusukuma theluji, yaani vitu ambavyo tayari vimelegea. Siku mwenyewe akitaka kuchonga kilima au kung'oa kichaka, anashusha baketi, anaongeza mafuta, na mdomo unateleza juu ya ardhi ukikwangua majani. Matairi yanazunguka pale pale. Injini haijashindwa, ina nguvu ya kutosha. Kilichokosekana ni mahali pa kuikusanyia nguvu hiyo.

Tupige hesabu ndogo. Chukua trekta lenye uzito wa tani moja na nusu, likiwa na loda na dereva wake. Kwenye ardhi kavu, matairi yote manne yakivuta, tuseme linaweza kusukuma kwa nguvu ya nusu ya uzito wake, yaani kilo 750. Zaidi ya hapo matairi hukosa kushika na kuanza kuteleza. Baketi ina upana wa sentimita 150. Gawanya: kila sentimita ya mdomo inapata kilo 5. Udongo uliokauka na kushindiliwa na kwato za ng'ombe miaka kumi hautishwi na kilo 5. Sasa funga meno manane, kila moja ncha yake ikiwa na upana wa sentimita 3. Kinachogusa ardhi kwanza sasa ni sentimita 24 tu, na kila sentimita inapata zaidi ya kilo 31. Trekta ni lile lile, mafuta yale yale, lakini msukumo kwenye ncha umepanda zaidi ya mara sita. Tena hesabu hiyo imeyapunja meno, maana ardhi haiko sawa kama meza: mara nyingi ni jino moja au mawili yanayoanza kugusa, na kwa dakika hiyo mzigo wote uko juu yao.

Mkulima aliyewahi kulima udongo mkavu anaijua siri hii mkononi. Jembe la kawaida linadunda, jembe uma linaingia, na mikono ni ile ile.

Kupenya peke yake hakutoshi, na hapa ndipo jambo lenyewe linaponoga. Udongo ukibanwa unavumilia sana, lakini ukivutwa uachane, unakatika kirahisi. Bamba lililonyooka linaubana udongo kwa mbele, upana wote kwa pamoja, yaani linaushambulia pale ulipo imara. Jino linafanya kinyume. Linaingia chini, linauinua udongo ulio mbele yake, na udongo ule unapasuka kwenda mbele na kwenda pembeni. Ukiangalia kwa juu, eneo lililovunjika ni pana kuliko jino lenyewe. Nyufa za jino hili zikikutana na nyufa za jino la jirani, udongo wa katikati, ambao haukuguswa na chuma chochote, unaanguka wenyewe. Mdomo wa baketi unaofuata nyuma haukuti tena ardhi ngumu. Unakuta mabonge, na kuzoa mabonge ndiyo kazi iliyotengenezewa.

Kwa hiyo nafasi kati ya meno si pambo. Meno mengi ya matrekta madogo huachiana sentimita 15 hadi 20 hivi. Ukiyabana sana, udongo wa mfinyanzi unajikwamisha katikati yake na baada ya muda umepata mdomo ulionyooka upya, mzito zaidi. Ukiyaachanisha sana, nyufa hazikutani, na baketi inakwama kwenye matuta yaliyobaki katikati. Kina nacho kina mpaka wake. Jino likizamishwa mno kuliko upana wake, udongo hauinuki tena kwenda juu, unasukumwa pembeni tu na kushindiliwa, na dereva anachoma dizeli bure. Ndiyo maana mzoefu hachimbi shimo kwa pigo moja. Anainamisha meno kidogo, anaingia taratibu, anachukua tabaka jembamba, kisha anaikunja baketi kuelekea kwake huku trekta likiendelea kusogea. Ule mkunjo ndio unaobeba kazi nzito, kwa sababu unaubandua udongo kutoka chini.

Kuna jambo moja kuhusu mkunjo ambalo wauzaji wa meno hawapendi kulitaja. Baketi huzunguka kwenye pini zilizo nyuma yake. Umbali kutoka pini hadi mdomo ni mkono wa wenzo, na kadiri mkono unavyorefuka, nguvu ya kufikia ncha inapungua. Tuseme umbali huo ni sentimita 60, na meno yanachomoza sentimita 12 mbele ya mdomo. Sasa ncha iko sentimita 72 kutoka kwenye pini, na silinda za haidroliki hazijabadilika. Nguvu ya kukunja pale kwenye ncha imeshuka hadi kama asilimia 83 ya ile ya zamani. Umepoteza sehemu moja kati ya sita! Bado unafaidika, maana sehemu hiyo moja ni ndogo ukilinganisha na mara sita ulizopata kwenye kupenya. Lakini anayetaka meno marefu kama ya mashine za mgodini, kwa sababu yanapendeza machoni, anapaswa kuijua bei yake.

Meno ya machimboni yana historia yake. Mwaka 1839 Mmarekani William Otis alipata hataza ya mashine ya kuchimba kwa mvuke, na mwanzoni mwa karne ya 20 majembe ya mvuke ya kampuni ya Bucyrus yenye uzito wa tani 95 yalikuwa yakichimba Mfereji wa Panama yakiwa na meno kwenye midomo yao. Huko ndiko chuma cha manganizi, alichokigundua Robert Hadfield wa Sheffield, Uingereza, mwaka 1882, kilipopata heshima: kila kinapogongwa na mwamba, uso wake unazidi kuwa mgumu. Kwenye mchanga mtupu, ambako hakuna kugongwa bali kusuguliwa tu, sifa hiyo haina msaada mkubwa. Meno madogo ya siku hizi, kwa hiyo, kwa kawaida hutengenezwa kwa chuma cha mchanganyiko kilichopashwa moto na kupozwa ghafla ili kiwe kigumu bila kuwa chepesi kuvunjika.

Sasa, kwa nini bolti? Fundi wa kuchomelea yuko kila kona, na jino lililochomelewa halilegei. Tatizo ni mdomo wenyewe. Baketi nzuri ina mdomo wa chuma kilichofanywa kigumu makusudi ili usilike upesi, na chuma cha namna hiyo hakipendi moto wa ghafla. Pembeni mwa mshono, pale palipopata joto kali kisha pakapoa haraka kwa kunyonywa joto na bamba zima, chuma kinakuwa chepesi kuvunjika na kinaweza kupasuka. Ufa mara nyingi hauonekani siku hiyo. Unaonekana baadaye, baketi ikiwa imezama kwenye changarawe. Kazi ikifanywa sawasawa, bamba hupashwa moto kwanza na hutumika vijiti vya kuchomelea visivyo na unyevu, vilivyotunzwa penye joto. Fundi wa mageti na madirisha, hata awe hodari namna gani, mara nyingi hana vifaa hivyo, na si haki kumtwisha lawama ya ufa ule.

Bolti haipashi chuma moto. Inahitaji tundu tu, ingawa kutoboa mdomo mgumu nako ni shughuli: keekee izunguke polepole, imwagiwe mafuta, na ncha yake iwe ya chuma cha kobalti, la sivyo inaungua kabla haijafika katikati. Muundo wa jino unasaidia zaidi ya watu wanavyodhani. Meno mengi ya bolti yana mguu uliogawanyika mara mbili, unaoukumbatia mdomo kwa juu na chini. Trekta linaposukuma, mdomo unaegemea ndani ya pango la mguu ule, na mzigo unapita moja kwa moja kutoka chuma kwenda chuma. Bolti haibebi msukumo wenyewe. Kazi yake ni kubana ili jino lisichomoke. Ikilegea, hapo ndipo inapoanza kupigwa kwa ubavu kila jino likigonga jiwe, na hapo ndipo inakatika.

Basi bolti yenyewe isiwe ya kuokota dukani bila kuitazama. Kichwani mwa bolti bora kuna namba, 8.8 au 10.9. Namba ya kwanza ukiizidisha kwa 10 unapata, kwa makadirio, kilo ambazo kila milimita ya mraba inabeba kabla ya kukatika: kilo 80 kwa ile ya kwanza, kilo 100 kwa ya pili. Namba baada ya nukta inaonyesha ni sehemu gani ya uwezo huo bolti inaufikia kabla haijaanza kurefuka moja kwa moja bila kurudi, asilimia 80 au 90. Bolti moja ya milimita 16 yenye alama 10.9 inahimili mvuto wa karibu tani 16. Ile isiyo na namba yoyote inahimili kiasi gani? Hakuna anayekuahidi chochote. Zinazofaa zaidi mdomoni ni bolti za plau, zenye shingo ya mraba isiyozunguka ndani ya tundu na kichwa kinachozama sawa na bamba, ili udongo usikile.

Asiyetaka kutoboa mdomo kabisa ana njia nyingine, nayo ndiyo ningempendekezea mwenye trekta dogo: upau wa meno. Ni bamba nene lenye upana wa baketi nzima, meno yake yameshaunganishwa, linaingizwa juu ya mdomo na kufungwa kwenye kuta mbili za pembeni kwa bolti chache. Ukisukuma mbele, upau unazidi kujibana kwenye mdomo. Bolti zinapata shida pale tu unapoburuta kwa kurudi nyuma, jambo ambalo usilifanye ukiwa umeufunga. Faida yake nyingine ni kwamba unaupa nguvu mdomo mwembamba wa baketi nyepesi, ambao ukichimba peke yake hupinda katikati. Gharama yake ni uzito: upau wa baketi ya mita moja na nusu hukaribia kilo 30 hadi 50, na kilo hizo zinatoka kwenye mzigo ambao loda ingeinua.

Kufungulika ndiko kunakoyapa meno haya thamani. Baketi yenye meno haiwezi kusawazisha uwanja, kila ikipita inaacha mifereji. Kokoto ndogo zinamwagika katikati ya meno. Sakafu ya zege inachanika. Kwenye udongo mweusi wa mbuga ulioloa, meno yanavishwa tope hadi hayaonekani. Yafunge asubuhi ya kuchimba, yafungue jioni ya kusawazisha, na kwa upau ni suala la spana na dakika chache.

Kisha kuna mambo ambayo mdomo ulionyooka ulikuwa ukikukinga nayo bila wewe kujua. Ulipogonga kisiki ulikuwa unateleza. Jino halitelezi, linanasa. Likinasa jino la pembeni kabisa huku trekta likienda kasi, mkono mmoja wa loda unasimama na mwingine unaendelea, na mikono ile haikuundwa kwa kusokotwa. Loda si kijiko. Jino halihurumii bomba la plastiki wala mkongo wa mawasiliano uliofukiwa kina cha mkono. Marekani kuna namba ya simu, 811, ambayo mtu hupiga kabla ya kuchimba ili waje kumwekea alama palipopita nyaya na mabomba. Pasipo na huduma kama hiyo, ni kuuliza majirani na mamlaka ya maji kabla ya kushusha baketi.

Nyuma ya trekta nako pawekwe uzito wa kutosha. Meno yanaposhika ardhi na baketi ikakunjwa, mzigo wote unaegemea ekseli ya mbele, matairi ya nyuma yanakuwa mepesi, na trekta ambalo lilikuwa limeanza kuchimba vizuri linarudi kuzungusha matairi. Saa za kwanza za kazi zikiisha, bolti zote zikazwe upya, kwa kuwa rangi na kutu vilivyobanwa chini ya nati vimeshasagika na kuacha nafasi.