Istikhara na ndoto: yanayosemwa mitaani na yaliyomo ndani ya dua

Binti akiposwa leo, kesho shangazi yake atamuuliza: "Umeota nini?" Swali hilo peke yake linatosha kuonyesha jinsi istikhara, yaani swala na dua ya kumwomba Mwenyezi Mungu akuchagulie lililo kheri, ilivyogeuzwa. Msingi wake ni hadithi ya swahaba Jabir bin Abdillah iliyomo katika Sahihi ya Bukhari: Mtume (s.a.w.) alikuwa akiwafundisha maswahaba istikhara katika mambo yote kama alivyokuwa akiwafundisha sura ya Qur'ani. Mmoja wenu akikusudia jambo, alisema, aswali rakaa 2 zisizo za faradhi, kisha aombe dua aliyoitaja. Hadithi yenyewe ndiyo hiyo. Mengine mengi yameokotwa njiani.

Dhana: jibu huja usingizini

Hadithi haitaji ndoto wala usingizi. Haisemi kijani ni kheri na nyekundu ni shari, wala haimkatazi mtu kuzungumza mpaka asubuhi. Kulalia ubavu wa kulia ni adabu ya kulala siku zote, si sharti la istikhara.

Isikilize dua inaomba nini. Kwanza mja anakiri: Wewe unajua nami sijui, Wewe unaweza nami siwezi. Kisha: "kama unajua kuwa jambo hili ni kheri kwangu katika dini yangu, maisha yangu na mwisho wa jambo langu, basi nikadirie, unirahisishie, kisha unibarikie ndani yake." Na upande wa pili: "kama unajua kuwa ni shari kwangu, liepushe nami, nami uniepushe nalo, unikadirie kheri popote ilipo, kisha uniridhishe nayo." Hakuna mahali panaposema "nionyeshe" au "nijulishe". Anayeomba hataki kupewa habari za kesho. Anataka kuchaguliwa lililo kheri, kisha achukuliwe mpaka kwenye alichochaguliwa.

Maneno "liepushe nami, nami uniepushe nalo" yanapitwa haraka mno. Ni maombi mawili. Posa inaweza kuvunjika huku moyo ukibaki umenasa kwa mtu yule miaka mingi. Ndiyo maana mja anaomba jambo liondoke, na yeye mwenyewe aondolewe kwenye jambo.

Basi baada ya kuomba, mtu hufanya nini? Anaendelea. Mwanazuoni Izzuddin bin Abdissalam alisema afanye lile litakalomjia kulifanya. Imamu Nawawi alisema afuate lile ambalo kifua chake kimelifungukia, lakini Ibn Hajar, mwanazuoni aliyeisherehesha Sahihi ya Bukhari, akatia tahadhari: kama ni matamanio makali yaliyokuwamo moyoni kabla ya kuswali, hilo lisifuatwe. Aliyekwisha kupenda asiuite moyo wake jibu la istikhara.

Mfano bora wa jibu linalokuja kwa njia ya matukio umo katika Sunan ya Ibn Majah. Mtume alipofariki, Madina palikuwa na mchimbaji wa makaburi yenye mwanandani, yaani shimo la ubavuni, na mwingine wa makaburi yenye mfereji katikati. Maswahaba wakasema: tunamwomba Mola wetu istikhara, na tunatuma mtu kwa wote wawili, atakayetanguliwa tutamwacha. Wa mwanandani akafika kwanza. Basi Mtume akazikwa kwenye mwanandani.

Dhana: mpe mwalimu akufanyie

Hadithi inamwambia mwenye jambo: "mmoja wenu akikusudia". Wapo wanazuoni wa Kimaliki na Kishafi waliojuzisha kumfanyia mwenzako, na mama kumwombea mwanawe ni jambo jema. Lakini hiyo ni dua, na dua haina majibu ya kusomewa. Mwalimu akitaka majina ya mama zenu, akahesabu herufi, kisha akakuambia nyota zenu hazipatani, hapo umepigiwa falaki, hata kama palisomwa Bismillahi. Waarabu wa jahiliya walipiga bahati kwa mishale kabla ya kusafiri, na Qur'ani ikaharamisha katika Al-Maida aya ya 3. Kupiga ramli na bao la uaguzi vimo humo humo. (Mashia wana istikhara ya tasbihi na ya msahafu kwa mapokezi yao; hapa tunazungumzia swala ya hadithi ya Jabir.)

Dhana: ni swala ya usiku, siku saba, kwa Kiarabu tupu

Hadithi ya mara saba ni dhaifu. Usiku si sharti pia. Zinazoepukwa ni nyakati za makatazo: baada ya swala ya Alfajiri mpaka jua lichomoze na kupanda kiasi, yaani kama robo saa, jua likiwa utosini, na baada ya Alasiri mpaka Magharibi. Kwa Mashafi, tahiyatul masjid, swala ya kuingia msikitini, inajuzu nyakati hizo kwa kuwa sababu yake imetangulia, lakini istikhara sababu yake iko mbele, kwa hiyo husubiri. Jambo likikubana, au mwanamke akiwa katika hedhi, omba dua bila swala.

Utaratibu ni huu. Nuia, uswali rakaa 2. Nawawi alipendekeza Al-Kafirun katika ya kwanza na Al-Ikhlas katika ya pili, lakini sura yoyote inatosha. Ukinuia, hata sunna ya kabla ya Adhuhuri inatosheleza. Toa salamu, umhimidi Mwenyezi Mungu, umswalie Mtume, uombe. Unaweza kusoma kwenye karatasi au simu, na asiyejua Kiarabu aseme maana yake kwa Kiswahili mpaka ajifunze.

Wengi hukosea kwenye maneno "hadhal amra", jambo hili, yanayokuja mara mbili. Hapo hutajwa haja yenyewe: kuolewa na fulani bin fulani, kwenda kufanya kazi Muscat, kununua kiwanja kile. Watu husoma moja kwa moja kama kasida. Wengine hutaja wachumba wawili kwa pamoja, ilhali dua imejengwa juu ya jambo moja. Chukua lile unaloelekea, uliombee hilo.

Dhana: jambo lililo wazi kuwa jema halihitaji istikhara

Faradhi na haramu hazina istikhara. Aliyewajibikiwa na Hija haulizi kama aende. Ataombea msafara upi na wenzake wa safari. Kwenye yaliyobaki, Zainab bint Jahsh aliletewa posa ya Mtume mwenyewe, akajibu kuwa hafanyi kitu mpaka amtake shauri Mola wake, akasimama kwenda mahali pake pa kuswali. Imo katika Sahihi ya Muslim.

Dhana: ndoa ikiwa na misukosuko, istikhara ilikataa

Dua inataja "mwisho wa jambo langu". Uzito wa njiani haumo katika vipimo vyake.

Dhana: ukishaswali, ushauri wa nini

Katika Qur'ani, Al Imran aya ya 159 imetanguliza kushauriana, ikafuata azma, kisha kutawakali. Madeni na tabia za mposaji huulizwa kwa majirani na kazini kwake. Swala haiondoi kazi hiyo.

Kaaba ilipoungua mwaka 64 Hijria, Abdullah bin Zubayr, aliyekuwa akitawala Makka, aliwataka watu ushauri: aibomoe na kuijenga upya, au atengeneze palipoharibika? Ibn Abbas, binamu yake Mtume, alimwambia atengeneze tu. Ibn Zubayr akasema atamwomba Mola wake istikhara siku tatu, kisha ataazimia. Zilipopita, akaamua kubomoa. Watu wakaogopa kwamba wa kwanza kupanda atashukiwa na jambo kutoka mbinguni, mpaka mmoja akapanda, akaangusha jiwe. Walipoona hakupatwa na kitu, wakamfuata.