Je, wajua? "Das" ya Mohandas si jina la ukoo

Jina alilopewa Gandhi alipozaliwa Porbandar, Gujarat, mwaka 1869 ni Mohandas. Wengi hulikata mara mbili, Mohan na Das, wakidhani Das ni ukoo. Sivyo. Mohandas ni neno moja, Karamchand ni jina la baba yake, na ukoo ni Gandhi. Mpangilio ni kama wa kwetu: lako, la baba, kisha la ukoo. Ndivyo ilivyo pia kwa Nanji Kalidas Mehta, yule aliyekuwa na kiwanda cha sukari Lugazi, Uganda: Kalidas ni babaye.

Kosa hili hupenda kuzaliwa kwenye fomu. Karani akiacha nafasi baada ya Mohan, Das inahamia kisanduku cha ukoo, na watoto wanairithi. Kinachozidi kuchanganya ni kwamba Bengal, Odisha na Assam wapo kweli watu ambao ukoo wao ni Das. Kwa hiyo ukiikuta peke yake mwishoni, usikimbilie kuifasiri. Tunayoizungumzia hapa ni ile iliyogandana na jina la mungu.

Jina la namna hii husomwa kuanzia mkiani. Das, kwa Kisanskriti (lugha ya kale ya India) dasa, ni mtumishi, hata mtumwa. Sisi husema "mtumishi wa Hari", Hari likiwa jina la mungu Vishnu. Kisanskriti humtanguliza bwana, mtumishi akafuata nyuma yake: Hari-dasa. Ile a ya mwisho Wagujarati huimeza, ikabaki Haridas, Ramdas, Bhagwandas. Aliyezoea Abdallah na Abdulrahman ameshaelewa. Tofauti ni kwamba Kiarabu humweka mtumwa mbele.

Na Mohan? Ni jina la Krishna, mungu wa Wahindu, kutoka mzizi muh, kupumbaa. Mohan ni "apumbazaye", kwa uzuri wake na filimbi yake. Ajabu ni kwamba mzizi huohuo umezaa moha, upumbavu unaomfunga mtu kwenye dunia, ambao maandiko huukemea bila kuchoka.

Utumwa wenyewe hauonekani aibu. Katika Bhagavata Purana, maandiko ya Kihindu yanayomsifu Vishnu, kitabu cha 7, kijana Prahlada anataja njia 9 za kumpenda Vishnu, na ya 7 ni dasya, utumishi. Mfano wake mkuu ni Hanuman, mungu mwenye umbo la nyani: ana nguvu za kuruka bahari hadi Lanka, lakini sifa anayojivunia ni kuwa mtumishi wa Rama, Vishnu aliyezaliwa kama mwanadamu. Ni kweli kwamba katika Rigveda, maandiko ya Kihindu yaliyo makongwe zaidi, neno dasa mara nyingi hutaja maadui. Namna lilivyofika kwenye utumishi bado wataalamu wanabishana.

Kuna faida nyingine, nayo iko kinywani mwa mzazi: kila akimwita mtoto, amemtaja Mungu. Kitabu cha 6 cha Bhagavata Purana kinasimulia habari za Ajamila, Brahmini (mtu wa tabaka la makuhani) aliyepotoka, aliyempa kitinda mimba wake jina Narayana, ambalo ni la Vishnu. Alipokuwa anakata roho, akawaona wajumbe wa Yama, mungu wa mauti, akamwita mwanawe kwa hofu. Wajumbe wa Vishnu wakafika na kuwazuia wale wa Yama. Ajamila hakuwa na nia ya kusali hata kidogo. Hoja ya waliomtetea ni kwamba silabi 4, Na-ra-ya-na, zimekwisha kutamkwa.